Mwangwi ndani ya utando wa metali: unapima nini hasa?

Kipande kinene cha alumini hakina ubishi: moduli yake ya Young, yaani kipimo cha jinsi inavyokataa kunyooka ikivutwa, ni takriban gigapaskali 70. Alumini hiyohiyo ikipakwa kama utando wa nanomita 100 juu ya bamba la silikoni, ubishi unaanza. Huwezi kuishika ukaivuta kama waya. Wengi huishia kwenye njia mbili: kuibonyeza kwa ncha ya almasi au kuisikiliza.

Kuisikiliza ni ufundi uliozaliwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kwa Humphrey Maris na wenzake. Mpigo mfupi mno wa leza unapasha joto uso wa utando, uso unatanuka ghafla na kutuma wimbi la mgandamizo kwenda chini. Wimbi likigonga mpaka wa utando na bamba, sehemu yake hurudi kama mwangwi, na mpigo wa pili wa leza huugundua kwa badiliko dogo la mwanga unaoakisiwa. Sauti katika alumini hukimbia kama mita 6,400 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni pikosekunde (sehemu za trilioni za sekunde) 31 hivi. Cha kupendeza ni kwamba saa yenyewe ni njia ya mwanga tu: ukirefusha njia ya mpigo wa pili kwa milimita 0.3, umeuchelewesha pikosekunde moja.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Utando hauguswi wala haukwaruzwi, na unasukumwa kidogo sana kiasi kwamba haubaki umebonyea. Ncha ya almasi, kwa kanuni iliyozoeleka, isizame zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene. Hapa hiyo ni nanomita 10, kina ambacho mikwaruzo ya uso na ubutu wa ncha havipuuziki. Hata hapo silikoni iliyo chini bado inachangia ugumu unaosomwa.

Lakini mwangwi haupimi unyumbufu. Unapima muda. Moduli ni densiti mara mraba wa kasi, na kasi yenyewe inatokana na unene uliopimwa kwingine. Ukikosea unene kwa asilimia 5, moduli inapotoka kwa karibu 10. Densiti nayo mara nyingi huchukuliwa kutoka kwenye jedwali la metali nene, ilhali utando unaweza kuwa na vitundu vingi ndani yake. Kwangu mimi huu ndio udhaifu mkubwa, kwa sababu hauonekani kwenye grafu, hata mwangwi uwe safi namna gani.

Tena, ni moduli ipi? Wimbi linaloshuka wima hutoa moduli ya mgandamizo, yaani ugumu wa metali inapobanwa bila nafasi ya kutanuka pembeni, ambayo kwa alumini ni kama gigapaskali 110. Asiye makini ataiweka kando ya ile 70 na kutangaza kwamba wembamba umeikaza metali. Shaba ina mtego wa ziada: fuwele yake ikivutwa kufuata ukingo wa mchemraba, moduli ya Young ni karibu 67, na kufuata ulalo unaopita ndani ya mchemraba ni karibu 191. Utando ambao fuwele zake zimeelekea upande mmoja utaonekana wa ajabu bila kuwa na ajabu yoyote.

Mtego wa namna hii si wa wanaosikiliza peke yao. Mwaka 1977 iliripotiwa kwamba tando za tabaka za dhahabu na nikeli, na za shaba na paladi, zilikazana kupita kiasi. Zilikuwa zimepimwa kwa kufurishwa kwa shinikizo, na baadaye ilibainika kuwa kasoro ilikuwa katika kipimo chenyewe: utando uliolegea kidogo mwanzoni unatosha kuharibu hesabu. Vipimo vya mawimbi ya sauti havikuiona ajabu ile.

Ndiyo maana ninauamini mwangwi zaidi unapolinganisha utando na wenyewe, kabla na baada ya kupashwa joto kali, kuliko unapotoa namba ya kunukuliwa. Uzito wa metali kwa kila eneo haujabadilika, kilichobaki ni kupima unene upya. Namba kamili ikihitajika, kwanza eksirei ziakisiwe kwenye utando uleule. Hizo hutoa unene na densiti kwa pamoja.