Tangazo la Mbwa Lililoleta Mbuzi

Kazi yangu ni matangazo ya gari. Juu ya paa spika nne, nyuma jenereta, mbele dereva asiyependa kubadilisha gia, na mimi na maiki yangu. Nimetangaza mechi, mikutano ya injili, minada, mtoto aliyepotea na, jioni ileile, mtoto aliyepatikana. Kwa hiyo nilipoitwa na halmashauri kutangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, maneno nilikuwa nayo tayari kabla sijamaliza ngazi za ofisi yao: "Mwenye mbwa, mwenye paka! Chanjo bure! Jumamosi, saa mbili asubuhi, shule ya msingi! Mfunge kamba, mlete!"

Afisa aliyehusika alinitazama kwa huruma. "Kijana, hili ni tangazo la serikali, siyo mnada wa mitumba. Lina itifaki yake."

Akanipa karatasi. Ilikuwa sentensi moja. Naikumbuka yote, maana niliisoma mji mzima:

"Halmashauri, kupitia idara yake ya mifugo, kwa kushirikiana na wadau mbalimbali wa maendeleo, katika kuelekea maadhimisho ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ambayo kilele chake ni tarehe 28 Septemba, inapenda kuwatangazia wananchi wote kuwa chanjo itatolewa bila malipo siku ya Jumamosi kuanzia saa mbili kamili asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi, ambapo kila mwenye mbwa au paka anatakiwa kumfunga kamba na kumfikisha bila kukosa, na kwamba atakayekaidi atachukuliwa hatua kali za kisheria."

"Mkuu," nikamwambia, "gari likienda kilomita 20 kwa saa linakata zaidi ya mita tano kila sekunde. Mama anayefua uani ananisikia vizuri sekunde ishirini hivi, nimeshampita. Hapa nikifika kwenye mbwa, yeye atakuwa ameshaanika."

"Soma kama ilivyo." Akapanda kiti cha nyuma, asije mtu akaruka hata mkato.

Basi nikasoma. Sokoni nilipitia kwenye "halmashauri" na "wadau mbalimbali". Stendi wakaambulia "maadhimisho" na "kilele". Mtaa wa zahanati walipata kipande kinono, chanjo bila malipo Jumamosi shuleni. Kule mwisho wa mji, kwa wafugaji, nikafika nikiwa kwenye "kumfunga kamba na kumfikisha bila kukosa" na "hatua kali". Tukageuza gari, nikaanza upya, na kwa bahati ya ajabu, kwa mwendo uleule wa dereva wetu, kila mtaa ukapata kipande chake kilekile.

Jumamosi saa mbili uwanja umefurika. Afisa akanipiga bega: "Unaona? Itifaki!"

Mstari wa kwanza: akina mama na watoto wachanga, kadi za kliniki mkononi. Wa pili: wazee wa kule mwisho wa mji na mbuzi, ndama na punda mmoja, wote wamefungwa kamba barabara kama sheria ilivyotaka. Chini ya mwembe kikundi cha ngoma kutoka stendi kilikuwa kinavaa njuga, kimekuja kwenye kilele. Mama ntilie wawili walishainjika pilau ya wageni rasmi. Wa sokoni hawakuja kabisa. Walisikia halmashauri, wakajua ni ushuru, wakafunga meza mapema.

Daktari wa mifugo alifungua boksi lake la barafu, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mbwa wako wapi?"

Alikuwepo mmoja. Wa mlinzi wa shule, na huyo alilala palepale.

"Ili ugonjwa ukatike tunatakiwa tuchanje angalau mbwa 70 katika kila 100," daktari akasema kwa upole, akivuta dawa kwenye sindano. Mbwa wa mlinzi akachomwa mbele ya mji mzima. Mtu akapiga makofi. Wale wa ngoma, waliokuwa wanasubiri ishara tangu alfajiri, wakadhani ndiyo yenyewe.

Babu mmoja akanivuta shati. "Mwanangu, mbuzi wangu nimemfikisha. Niandikieni basi kwamba sikukaidi."

Afisa hakunitazama usoni. "Zunguka tena," akasema. "Sema... sema yale yako."

Nikazunguka. "Mbwa! Paka! Chanjo bure! Leo mpaka saa kumi! Shule ya msingi!" Saa nne hazijagonga, mbwa wakaanza kumiminika, kila mmoja akiburutwa na mtoto au akimburuta mtoto. Tatizo, mbuzi walikuwa bado hawajaondoka. Pilau nayo ilikuwa imeiva. Yaliyotokea pale siwezi kuyapanga vizuri, ila punda alionekana mara ya mwisho akielekea relini na njuga shingoni.

Ripoti ilisema mwitikio wa wananchi ulikuwa mkubwa. Mimi nikadai mafuta ya ule mzunguko wa pili. Nikaambiwa niandike barua, nikaandika: "Mafuta, lita kumi, Jumamosi. Naomba nilipwe."

Majibu yamekuja, kurasa mbili, mhuri juu na chini. Nimeshayasoma hadi mwisho na bado sijajua kama nalipwa.