Mwacheni asome kabla hajanyanyua

Jumamosi iliyopita, katika jimu moja ya mtaani hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja, kijana wa chuo alifungua kitabu cha mazoezi ya kunyanyua vyuma, akakilaza juu ya benchi, akaanza kupanga miguu yake kama maandishi yalivyomwelekeza. Mwalimu wa jimu akamwuliza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kama amekuja kufanya mazoezi au kufanya mtihani. Watu wakacheka. Kijana akakifunga kitabu, akakitia mkobani, akafanya alichoamriwa, yaani kifua, kwa kuwa siku hiyo, kama ilivyokuwa Ijumaa na kama ilivyokuwa Alhamisi, ilikuwa siku ya kifua.

Kicheko kile kimenikaa rohoni. Kauli inayorudiwa katika jimu zetu ni kwamba chuma hakisomwi, chuma hunyanyuliwa, na kila anayeitamka huitamka kwa fahari, kana kwamba kutojua sababu ya unachokifanya ni sehemu ya ushujaa. Mimi nashikilia kinyume chake: kwa mtu anayeanza, kitabu kizuri cha mwongozo, kikisomwa kweli na si kutazamwa picha tu, ni mwalimu bora kuliko wengi wa wale tunaowalipa kila mwezi ili watupigie kelele za kutuhimiza.

Tena mwalimu yule hajui kwamba yeye mwenyewe hufundisha kutoka kwenye maandishi. Agizo lake analolipenda kuliko yote ni "piga kumi, mara tatu." Agizo hilo halikuota kwenye jimu za Temeke. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwapo daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akihudumia askari waliojeruhiwa miguu katika hospitali moja ya kijeshi mjini Chicago. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa majeruhi mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi. DeLorme akawapa uzito mkubwa, akauongeza kadiri walivyopata nguvu, na mwaka 1945 akaichapisha njia yake ili madaktari wengine waisome. Miaka mitatu baadaye, yeye na mwenzake Arthur Watkins walipendekeza seti tatu, yaani mizunguko mitatu yenye mapumziko katikati, kila moja ya marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara kumi na si zaidi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Na DeLorme mwenyewe alikutana na vyuma kwa kusoma, kwani katika ujana wake aliugua homa ya baridi yabisi, na alipokuwa amelala kitandani alisoma majarida ya wanyanyua vyuma. Kwa hiyo mwalimu wetu anapomcheka msomaji, anamcheka mtu aliyempa riziki yake. Ila kwa kuwa agizo limemfikia kwa mdomo, limefika nusu: kumi zimebaki, tatu zimebaki, lakini nusu, robo tatu na uzito wote vimeanguka njiani, na kila mtu hupakiwa mzigo kamili tangu seti ya kwanza, mwili ukiwa bado haujapashwa moto.

Wala kujifunza vyuma kwa kusoma si jambo la juzi. Eugen Sandow, Mjerumani wa Prusia aliyejipatia umaarufu Uingereza kwa umbo lake, alitoa kitabu chake cha mazoezi mwaka 1897 na akawafundisha kwa njia ya posta watu ambao hakupata kuwaona hata siku moja. Mwaka 1901 aliandaa shindano kubwa la umbo la mwili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mchezo huu umelelewa na karatasi tangu utoto wake.

Nirudi kwenye kusoma kwenyewe, maana hapa ndipo tunapoharibu. Wengi wetu tukipata kitabu cha mazoezi tunafunua picha. Picha ya skwati, zoezi la kuchuchumaa na kusimama ukiwa umebeba chuma, humwonyesha mtu akiwa chini, chuma kikiwa mgongoni, na aliyeitazama huondoka akiamini kwamba skwati ameijua. Maandishi ya pembeni ndiyo yanayosema kwamba visigino viachane kwa kadiri ya upana wa mabega, vidole vya miguu vielekee nje kiasi cha nyuzi 30, magoti yafuate vidole na yasiingie ndani, chuma kibaki juu ya katikati ya wayo tangu kuanza kushuka hadi kumaliza kupanda, na nyonga zishuke chini kuliko magoti. Maandishi ndiyo yanayosema kwamba pumzi ivutwe na kushikiliwa kabla ya kushuka, ili tumbo liwe gumu na liuegemeze uti wa mgongo, na kwamba mwenye shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kujaribu jambo hilo. Pumzi haipigwi picha. Nami sijamsikia bado mwalimu wa jimu ya mtaani akimwuliza mgeni habari za shinikizo la damu. Habari anayoiuliza ni ya ada ya mwezi.

Dedilifti, zoezi la kuinua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima, ni hivyo hivyo. Atakayeiga picha atainama na kung'oa chuma kutoka sakafuni kama anayeng'oa mihogo, mgongo umepinda, chuma kiko mbali na mwili, kisha atalala siku mbili akijikanda kiuno na kuwaambia watu kwamba zoezi hilo ni baya. Aliyesoma anajua kwamba kabla ya kukigusa chuma alipaswa kusimama karibu nacho mpaka kiwe juu ya katikati ya nyayo, sentimita mbili au tatu tu kutoka kwenye muundi. Ashuke akishike bila kukisogeza. Atoe kifua mbele mpaka mgongo unyooke. Ndipo asukume ardhi kwa miguu huku chuma kikipanda kwa kuparuza mapaja. Mpangilio huo una sababu, na kitabu kinaitaja: kadiri chuma kinavyokuwa mbali na mwili, ndivyo kazi ya kiuno inavyozidi, ingawa uzito ni ule ule. Mtu akishaielewa sababu hiyo moja anaweza kujisahihisha popote alipo, hata uani kwao ambako hakuna wa kumpigia kelele.

Nimeona pia benchi presi, zoezi la kusukuma chuma ukiwa umelala chali kwenye benchi, inavyofundishwa kwa mdomo: "Shusha, pandisha, shusha, pandisha." Viwiko vimetanuliwa sambamba na mabega, chuma kinashuka karibu na koo, dole gumba halijazungushwa kwa sababu fulani alionekana kwenye simu akishika hivyo. Kitabu chochote chenye adabu kitakuambia uikaribishe mifupa bapa ya mabega nyuma yako, uvivute viwiko kidogo kuelekea mbavuni, ukigusishe chuma sehemu ya chini ya kifua, na ukizungushie dole gumba ili kisiteleze kikakuangukia. Ni mistari minne ya maandishi, na wapo wanaume mtaani kwetu ambao hawawezi tena kuinua mkono kuning'iniza shati kwa kukosa mistari hiyo minne.

Nakubali, bila furaha, kwamba kitabu hakina macho. Hakiwezi kukuambia kwamba goti la kushoto limeingia ndani, wala hakiwezi kusimama nyuma ya benchi na kukuondolea chuma kikikushinda. Kwa la kwanza, simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji na kukurekodi kutoka ubavuni inatosha kabisa, ukiilinganisha na ulichosoma. Kwa la pili hakuna mbadala wa binadamu, na hapa vitabu vya wenzetu vina pengo, kwa kuwa huwashauri wanaosukuma benchi peke yao wasifunge pleti, yaani vile visahani vya uzito vya nchani, kwa vibanio, ili wakizidiwa wainamishe chuma upande mmoja na pleti zimwagike. Sisi pleti zetu nyingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuganda kwenye bomba. Hazimwagiki. Kwa hiyo anayesoma ushauri ule akiwa kwetu aelewe kwamba kama yuko peke yake hana ruhusa ya kusukuma mpaka nguvu ziishe.

Nakubali pia kwamba vipo vitabu vibaya. Viepuke vile vinavyomwahidi anayeanza ratiba ya bingwa wa dunia, seti ishirini za kifua kwa siku moja, bila kumtajia kwamba bingwa huyo ana miaka mingi ya mazoezi nyuma yake, na pengine ana sindano za kukuza misuli ambazo kitabu hakizisemi. Kuhusu chakula, kitabu kikikuambia ununue unga wa protini wa kopo, ruka usome ukurasa unaofuata. Dagaa na maharage bado vinauzwa.

Lakini hata kama ningeambiwa nikubali makosa yote ya vitabu, ningebaki na jambo moja ambalo mwalimu wa mdomo hanipi, nalo ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kwa nini tunaamini kwamba methali hiyo inawahusu wenye maduka tu. Kitabu kizuri humwambia anayeanza afanye mazoezi siku tatu kwa wiki, apumzike siku moja kati ya kila mbili za kazi, na akiweza kumaliza seti zote kwa mkao sahihi aongeze kilo 2.5 tu safari ijayo. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mpaka ukikokotoe: anayeanza skwati na chuma kitupu, kisicho na pleti, cha kilo 20, akiongeza hivyo kila safari, baada ya wiki nne atakuwa amefika kilo 50. Haitaendelea hivyo milele, na kitabu kitakuambia lini itakoma na ufanye nini. Sasa nenda katika jimu yako umwulize mwalimu ulinyanyua kiasi gani mwezi uliopita. Atakutazama mikono, atakubonyeza bega, kisha atakuambia "unakuja vizuri." Huo ndio uhasibu wetu. Wapo watu waliolipa ada mwaka mzima na bado wanasukuma makopo yale yale waliyoyakuta siku ya kwanza, si kwa uvivu, maana wanatoka jasho kuliko wote, bali kwa sababu hakuna aliyeandika chochote.

Na hapo ndipo ninapofikia ombi langu kwa wenye jimu. Kilo 2.5 haziwezi kuongezwa na mtu asiyejua ameanza na ngapi. Makopo yetu ya zege hayana namba, yanaitwa "yale madogo," "yale ya kati" na "yale ya mabaunsa." Sisi katika uwanja wetu wa mazoezi tuliyabeba yale yasiyoganda kwenye bomba, kwa mkokoteni, hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani ya kusimama, tukampa fedha kidogo atupimie, na baada ya kukata tamaa kwamba hatuuzi akatupimia kweli. Makopo mawili ambayo kila mtu aliyaona pacha yalipishana kwa kilo tatu, na watu walikuwa wakiyaning'iniza ncha hii na ncha ile ya bomba moja, kisha wakilalamika kwamba bega la kulia linawauma. Tukayaandika uzito kwa rangi ya mafuta. Kopo dogo la rangi na brashi moja vilitosha kwa uwanja mzima, na rangi ikabaki. Mwenye jimu anayeweza kununua spika ya ukubwa wa friji anaweza kununua na hivyo, kisha kijana yeyote atakayeingia na kitabu apewe nafasi kwenye benchi na aachwe asome.