Maskini Ndiye Anayenunua Maji Ghali Mombasa

Maji ni ya Mungu, kwa nini tunalipishwa? Anayeuliza hivyo ana hoja, tena Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ila hakuna kifungu kinachoyasukuma maji hayo hadi mitaa kama Majengo au Likoni.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba la Mzima, lililolazwa miaka ya 1950, lina kilomita 220 hivi na maji yake huteremka yenyewe. Ya Baricho yanataka stima. Kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 100 kunakula kama uniti 0.4 za umeme pampu ikiwa nzima, na hapo msuguano ndani ya bomba haujahesabiwa. Ongeza klorini, mishahara ya mafundi na mabomba yaliyooza kwa chumvi. Hayo ndiyo tunayolipia, na kwangu ni haki.

Kisima cha nyumbani nacho kina gharama yake. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, kwa hivyo shimo la choo na kisima cha jirani huonana chini kwa chini. Ukivuta maji kwa pampu kupita kiasi, bahari nayo inaingia: sabuni inakataa povu, chai inaharibika. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale.

Dhuluma iko kwenye bei. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 20, uniti imekugharimu shilingi 1,000. Shida ikizidi na mtungi ukafika 50, ni 2,500. Mwenye mfereji jikoni halipi hata robo ya hiyo. Wala simlaumu mwenye mkokoteni. Mitungi 20 iliyojaa ni kilo 400 za kusukuma juani, na huko alikochota naye amelipa. Lawama ni kwa mtaa kuachwa bila bomba.

Halafu kuna hili la ngazi za bei, ambalo wachache wanalisema. Uniti za mwanzo huuzwa rahisi ili mnyonge apate, na kadiri unavyotumia zaidi ndivyo kila uniti inavyopanda. Wazo ni zuri kwa nyumba yenye mita yake. Lakini nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya wapangaji ina mita moja uani. Kila kaya ikitumia uniti 5, mita inasoma 30. Kaya hizo, ambazo kila moja peke yake ingebaki ngazi ya chini, zinalipishwa kama tajiri mmoja anayemwagilia bustani. Hapo sheria ya kumlinda maskini inamgeukia. Dawa ni mita ndogo kila mlango, au nyumba isajiliwe kwa kiwango cha kaya nyingi pale ambapo bei zilizoidhinishwa zinacho. Bei hizo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye nyumba azisome kabla ya kugawa bili kwa kukisia.

Tusisahau yanayopotea. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hayaleti senti: yanavuja, yanaibwa, au mita imekufa. Anayelipa ndiye anayebeba hasara hiyo yote. Kabla ya kuombwa bei mpya, tuna haki ya kuuliza uvujaji umepungua kwa kiasi gani.

Upande wa nyumbani, usilipe bili iliyoruka ghafla bila kukagua. Usiku funga mifereji yote, tangi likiwa limejaa, kisha tazama kigurudumu kidogo au nyota kwenye uso wa mita. Ikizunguka, kuna uvujaji baada ya mita, na huo ni wako. Mara nyingi ni boya la tangi lisilofunga au sisten ya choo. Tia rangi ya chakula ndani ya sisten, usivute maji nusu saa, rangi ikionekana bakulini raba imechoka. Mfereji unaojaza kikombe cha mililita 250 kila dakika 10 unamwaga lita 36 kwa siku, zaidi ya uniti moja kwa mwezi.

Maji yakirudi baada ya siku za mgao, bomba hutoa hewa kwanza, na mita nyingi huzunguka kwa hewa ileile. Acha koki imefungwa hadi presha itulie, kisha ifungue polepole. Piga picha ya mita kila mwezi, tarehe ionekane. Namba nyeusi ni uniti, nyekundu ni sehemu za uniti. Msomaji akizichanganya, bili inaweza kuzidi mara kumi au zaidi. Angalia pia kama umetozwa maji taka wakati choo chako kinaingia shimoni, maana mitaa mingi ya Mombasa haina bomba la maji taka. Peleka malalamiko kwa maandishi, na usiondoke bila nakala yenye mhuri.