Nani amebaki kuulinda mkataba wa Sudan Kusini?

Tarehe 24 Desemba 2002, pale Bidibidi katika wilaya ya Yumbe, serikali ya Uganda na waasi wa UNRF II walitia saini mkataba wa amani. Waasi hao waliongozwa na Meja Jenerali Ali Bamuze. Leo wengi wanaolijua jina la Bidibidi wanalijua kwa sababu ya wakimbizi: mwaka 2016 makazi yalifunguliwa huko, na ndani ya miezi michache yakawa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Sisi wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, tunapakumbuka kwanza kama mahali vita vyetu vilipoishia.

Ninaanza na Yumbe kwa sababu siwezi kuandika juu ya Sudan Kusini na mkataba wake wa amani wa mwaka 2018 kama mtu anayetazama nchi ya mbali. Nimezaliwa Arua. Wazazi wangu walikimbilia upande wa Yei mapema miaka ya 1980, Amin alipokwisha kuanguka na West Nile ikawaka moto, na baadaye wao wakawapokea watu waliokuwa wakikimbia kutoka kule kule. Wakakwa wako Koboko, wako Yei, wako Kongo. Wamadi wako Moyo na Adjumani, wako na Nimule. Hadi mwaka 1914 West Nile yenyewe ilikuwa chini ya Sudan. Mtu wa Kampala anaweza kuyaita mambo ya Juba sera ya nje. Kwetu ni habari za shangazi na mashemeji.

Mkataba wa Yumbe ulitokana na mabadiliko ya uhusiano kati ya miji mikuu miwili. Kwa miaka mingi Kampala iliisaidia SPLA ya John Garang, waasi wa kusini mwa Sudan, na Khartoum ikalipiza kwa kuwapa silaha na maficho waasi wa Uganda: LRA ya Joseph Kony, WNBF ya Juma Oris na UNRF II. Mwaka 1995 nchi hizo zikavunja uhusiano wa kibalozi. Kisha, tarehe 8 Desemba 1999, Museveni na Bashir walitia saini makubaliano mjini Nairobi, Jimmy Carter akiwa msuluhishi, kila mmoja akiahidi kuacha kuwalea waasi wa mwenzake. Ahadi hiyo haikutimia kwa siku moja, na kwa LRA ilisuasua sana, lakini wapiganaji wa Bamuze waliona kwamba mlango waliokuwa wakiutegemea unafungwa. Juni 2002 wakasimamisha mapigano, Desemba wakasaini.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo: marais walipatana, vita vikaisha. Mimi naona nusu ya habari imeachwa. Mambo mengi yamebadilika kati ya Khartoum na Kampala tangu wakati huo, hata Sudan yenyewe imegawanyika, na Yumbe haijarudi msituni. Kilichoizuia ni kazi iliyofanywa huku chini. Wazee wa Waaringa, wenyeji wa Yumbe, na viongozi wa dini walizungumza na vijana wao waliokuwa porini. Akina mama waliwapokea wanaume hao nyumbani. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimhakikishia mpiganaji kwamba akiweka silaha chini hatashtakiwa kwa kuasi. Yumbe nayo ilikwisha kutengwa na Arua mwaka 2000 na kuwa wilaya, kwa hiyo watu walikuwa na ofisi ya karibu ya kwenda kudai. Si kila ahadi ilitimizwa. Malalamiko ya wapiganaji wa zamani yamesikika miaka yote hii, na wana haki ya kulalamika. Lakini wanalalamika wakiwa kwao, pamoja na watoto wao, na hakuna aliyevuka mpaka kwenda kutafuta bunduki.

Mkataba wa Sudan Kusini nao ulitokana na miji mikuu kupatana. Ule wa kwanza, wa Agosti 2015, ulikuwa wa kumaliza vita vilivyozuka Desemba 2013 kati ya Rais Salva Kiir na mpinzani wake Riek Machar; ulivunjika Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba na Machar akakimbia kwa miguu hadi Kongo. Miaka miwili baadaye Bashir na Museveni, maadui wale wale wa zamani, waliamua kulibeba jambo hilo pamoja. Azimio la Khartoum lilisainiwa tarehe 27 Juni 2018, mazungumzo ya kugawana madaraka yakafika hadi Ikulu ya Entebbe mwezi Julai, na mkataba kamili ukasainiwa Addis Ababa tarehe 12 Septemba chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Uganda na Sudan zikasimama kama wadhamini.

Nguvu ya udhamini ule, kwa maoni yangu, ilitokana na wadhamini wenyewe kutofanana. Museveni alisikilizwa na Salva Kiir, kwa kuwa wanajeshi wa Uganda ndio waliomwokoa mwishoni mwa mwaka 2013. Bashir alisikilizwa na Machar. Kila mmoja aliweza kumbana mtu wake faraghani na kumwambia yale ambayo mgeni kutoka Ulaya asingeweza kumwambia. Udhamini huo haukuwa safi, wala hakuna aliyedhani kwamba wazee hao wawili waliingia kwa ajili ya kheri tu. Mafuta ya Sudan Kusini hupita kwenye mabomba ya Sudan, na bidhaa za Uganda huuzwa Juba. Hata hivyo ulifanya kazi, maana uzito ulikuwapo pande zote mbili.

Aprili 2019 Bashir akapinduliwa. Mkataba ukajikongoja. Februari 2020 Machar aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kisha, tarehe 15 Aprili 2023, vita vikazuka Khartoum kwenyewe, na mdhamini mmoja akawa sasa yeye mwenyewe anahitaji kudhaminiwa. Akabaki mmoja, nchi yangu.

Mapema Machi 2025 vijana wa Kinuer, kabila la Machar, wenye silaha na wanaojiita White Army waliteka kambi ya jeshi huko Nasir, jimbo la Upper Nile. Serikali ya Kiir ilimlaumu Machar, na washirika wake wakaanza kukamatwa. Siku chache baadaye UPDF, jeshi la Uganda, ikaingia Juba. Wananchi wa Uganda tulipata habari hizo kwenye ukurasa wa X wa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, wakati maofisa wa Juba bado wakikanusha. Bunge letu liliombwa idhini wakati wanajeshi walikwisha kufika. Tarehe 26 Machi Machar alizuiliwa nyumbani kwake. Septemba alisimamishwa kazi na kushtakiwa kwa uhaini, mauaji na uhalifu dhidi ya ubinadamu, mashtaka ambayo chama chake kinayakana.

Kama kuna damu ya kujibiwa, na kweli ipo nyingi, mkataba wenyewe ulikwisha kusema ijibiwe wapi. Sura ya tano iliagiza kuundwa kwa mahakama mseto chini ya Umoja wa Afrika ili kushughulikia uhalifu wote tangu Desemba 2013, bila kujali aliyeutenda yuko upande gani. Mahakama hiyo haijaundwa. Badala yake upande mmoja wa mkataba unaushtaki upande wa pili katika mji unaolindwa kwa msaada wa mdhamini. Ndipo ninaposhindwa kukaa kimya. Mdhamini anaweza kukaripia, anaweza kunyima msaada, anaweza kuwafungia wote wawili chumbani mpaka waelewane. Akichukua bunduki na kusimama mlangoni kwa mmoja wao, udhamini umekwisha, hata kama nia yake ni njema.

Najua hoja ya wanaounga mkono kupelekwa kwa jeshi, na siipuuzi. Wanasema Juba ikiwaka, moto unafika Elegu, mpakani mwetu, kabla ya jua kuzama. Ni kweli. Julai 2016 jeshi letu lililazimika kupeleka msafara hadi Juba kuwatoa Waganda waliokwama huko, wafanyabiashara wa soko la Konyo-Konyo, madereva wa malori, vijana wa boda boda. Walio hai kwa sababu ya msafara ule wana haki ya kuushukuru. Mama mwenye mume Juba hataki kusikia nadharia za udhamini. Anataka barabara ya Nimule iwe wazi.

Lakini jeshi linalokwenda kuwatoa raia ni tofauti na jeshi linalokwenda kukaa. La pili humfanya anayelindwa aone hana haja ya mkataba. Tumeliona hilo. UPDF ilikaa Sudan Kusini kuanzia Desemba 2013 hadi mwishoni mwa 2015, ikaondoka kwa sababu mkataba wa 2015 ulitaka hivyo, na katika miaka hiyo yote miwili vita havikuisha. Viliahirishwa Juba, vikaendelea Bor, Bentiu na Malakal. Kisha vikashuka Equatoria, kusini, mpakani na kwetu, na hapo ndipo watu wa Yei na Kajo-Keji walipomiminika kwetu na Bidibidi ikajaa.

Sehemu ya mkataba ambayo mdhamini angeifanyia kazi kweli ni ya pili, ile ya usalama. Ilitaka wapiganaji wa pande zote wachanganywe katika vikosi vya pamoja, na idadi iliyopangwa ikawa watu 83,000. Kundi la kwanza lilihitimu Agosti 2022, baada ya kuchelewa kwa miaka. Wengi wao wakabaki kambini bila mishahara ya maana na bila kupangiwa kazi, na hatimaye wakatawanyika. Kwa hiyo kila kiongozi alibaki na watu wake na bunduki zake, na uchaguzi ukasogezwa tena na tena hadi Desemba 2026. Uganda ina uzoefu mkubwa wa kuwaingiza waasi wa zamani jeshini. Imewachukua wa Moses Ali, kiongozi wa UNRF ya kwanza, imewachukua wa Bamuze, na wengine wengi. Inaniuma kwamba ujuzi huo haukuwa ndio tuliopeleka Juba.

Kuhusu urafiki wa serikali kwa serikali, Kajo-Keji imetufundisha ulivyo mwembamba. Julai 2025, wakati UPDF ikiwa Juba kumlinda Kiir, wanajeshi wetu na wanajeshi wa Kiir walifyatuliana risasi mpakani, na watu wakafa pande zote mbili. Mpaka wa Moyo na Kajo-Keji haujawekewa alama vizuri tangu wakoloni, na wananchi wamepigania mashamba hapo zaidi ya mara moja. Juu, marais ni ndugu. Chini, askari wao hawajui mstari unapita wapi. Yakitokea mabadiliko Juba au Kampala, na siku moja yatatokea kwa sababu wazee wote hawa ni binadamu, tutabaki na nini mkononi?

Na mzigo unaangukia huku. Uganda ina wakimbizi karibu milioni mbili, na takriban nusu yao wametoka Sudan Kusini. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipokosa fedha, takriban wakimbizi milioni moja waliondolewa kwenye mgao nchini. Wanaokatwa mgao katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp au Imvepi wanatafuta kibarua katika mashamba ya wenyeji, kuni katika misitu ya wenyeji. Wenyeji wa Terego na Madi-Okollo wamekuwa waungwana kupita kiasi, lakini uungwana nao una mwisho wake mvua zinapochelewa.

Ninachotaka kinaweza kufanyika. Uganda iwarudishe askari wake na kubakiza tu wale wanaohitajika kuwalinda na kuwatoa Waganda, kwa muda unaojulikana. Udhamini usiachwe mikononi mwa rais mmoja. Kamati ya nchi tano za Umoja wa Afrika inayoongozwa na Afrika Kusini ipewe uzito pamoja na IGAD, na Uganda iseme waziwazi kwamba mkataba ni wa Machar kama ulivyo wa Kiir. Huku mpakani, viongozi wa wilaya zetu na wenzao wa Kajo-Keji, Yei na Magwi wapewe fedha na mamlaka ya kukutana mara kwa mara, wakiwa na wazee na viongozi wa dini, kuzungumza mipaka ya mashamba, mifugo inayoibwa na silaha zinazopita njia za panya. Yumbe ilionyesha kwamba watu kama hao wanaweza kazi hiyo.

Na Bunge lijadili upya idhini lililoitoa Machi 2025, safari hii mbele ya wananchi, waziri wa ulinzi akieleza gharama, muda na lengo. Wabunge wa Yumbe, Koboko, Moyo, Adjumani na Lamwo ndio wanaopaswa kuleta hoja hiyo, kwa sababu wapiga kura wao ndio watakaofungua milango usiku watu wakianza tena kuvuka.