Maji ya kisima hayana kosa, tuongee ukweli kuhusu upara

Kila kijana hapa Mombasa ambaye panja zimeanza kupanda ana kitu cha kulaumu. Mmoja atakwambia ni maji ya kisima yana chumvi, mwengine atasema ni kofia, mwengine ataapa ni mashine ya kinyozi. Mie nasema hapana. Maji ya chumvi yatafanya nywele ziwe kavu na zikatike, sawa, lakini mzizi hayauui, na kofia wazee wetu wamevaa toka chuoni hadi uzeeni na wengi wao nywele ziko pale pale. Nalishikilia hili kwa sababu nawaona vijana wadogo kabisa wanaona haya kuvua kofia harusini, halafu wanamaliza pesa kwenye vichupa visivyo na lebo, na roho inaniuma kwa kweli.

Upara wa kawaida wa kiume, ule unaokula panja na utosi huku kisogo kinabaki na nywele zake, unatokana na homoni inaitwa DHT ambayo mwili wenyewe unaitengeneza kutoka kwa testosteroni. Kama umerithi mizizi isiyoivumilia, kila nywele mpya inaota nyembamba na fupi kuliko iliyotangulia mpaka inabaki kama malaika ya mkononi, yaani ipo lakini haionekani. Na kurithi si kwa babu mzaa mama peke yake vile watu wanavyosema, upande wa mama una jeni moja muhimu sana lakini upande wa baba pia unachangia, kwa hivyo angalia wajomba na ami zako wote.

Tunajuaje ni DHT? Mwaka 1974 mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu wanaume wa kijiji kimoja Jamhuri ya Dominika ambao toka kuzaliwa miili yao inatengeneza DHT kidogo sana, na wale wanaume panja zao hazikupanda. Habari ile ndio iliyosukuma utafiti wa finasteraidi, kidonge kinachopunguza DHT mwilini, ikapitishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, na 1997 ile ya miligramu 1 kwa ajili ya nywele. Minoksidili nayo ilikuwa vidonge vya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mwilini, na mwaka 1988 ikaruhusiwa kupakwa kichwani.

Hizo mbili zinafanya kazi, lakini mtu asikudanganye kuhusu masharti yake. Wiki za mwanzo za minoksidili nywele zinaweza kudondoka zaidi na wengi hapo ndipo wanapoacha, wakati matokeo unayahesabia miezi minne mpaka sita na zaidi, tena ukiacha kutumia faida yote inapotea ndani ya miezi. Na zinaokoa zaidi kilichopo, ukishang'aa utosi mzima miaka kumi usitarajie makubwa. Finasteraidi usijinunulie tu dukani, ongea na daktari, kwa sababu kuna wanaume wachache inawapunguzia hamu na nguvu za kiume au wanajihisi huzuni, na inashusha kipimo cha PSA cha tezi dume kwa hivyo daktari lazima ajue unaitumia. Mke akiwa na mimba asishike kidonge kilichovunjika.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Mtu akishaugua dengi au malaria kali, au akifanyiwa upasuaji, miezi miwili mitatu baadaye nywele zinaanza kudondoka kichwa kizima, anachanganyikiwa, anauziwa mafuta, na nywele zinarudi. Zingerudi hata bila mafuta! Lakini keshaenda barazani kuisifu dawa, na yule mwenye panja anakimbilia kichupa kile kile. Mafuta ya nazi na habasoda mie napenda, yanalainisha, ila DHT hayaizuii. Na kichupa bila lebo hujui kama ndani mna steroidi kali, ambayo ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote jua kwanza una nini. Kiraka cha duara laini kilichotokea ghafla mara nyingi ni kinga ya mwili inashambulia mizizi, nenda kwa daktari wa ngozi. Mashilingi yenye magamba na muwasho, hasa kwa watoto, yanataka vidonge vya kumeza kwa sababu dawa ya kupaka haifiki ndani ya mzizi.

Na kama umeamua kunyoa zote, ni uamuzi mzuri tu na wengi unawapendeza, ila mwambie kinyozi asikwangue kisogo mpaka ngozi. Vile vipele vya kisogoni wanaume wengi weusi wanavipata, vikiachwa vinageuka makovu magumu na hapo nywele haziwezi kuota tena, kwa hivyo ukiviona vimeanza pumzisha wembe na uvitibu vikiwa bado vidogo.