Evan Parker na pumzi isiyokatika

Mara ya kwanza kuisikia saksafoni ya Evan Parker nilidhani simu imekwama. Sauti inajirudia, inajisokota, mistari mitatu au minne kwa pamoja, na hakuna hata upenyo wa mtu kuvuta pumzi. Nikasema hii mashine. Nikampelekea mjomba wangu, aliyepiga zumari kwenye harusi za Mombasa ujana wake wote, nikamwekea spika karibu na kiti chake. Akasikiliza kama dakika mbili, kafumba macho.

"Mashine ya wapi, mwanangu? Huyo anazungusha pumzi. Hayo ni mashavu."

Ndivyo ilivyo. Mpiga zumari hujaza hewa mashavuni, akaisukuma nje kwa mashavu huku anavuta nyingine puani, ndiyo maana ngoma inakwenda na zumari hainyamazi. Parker anafanya hivyo hivyo kwenye saksafoni ya soprano. Tena anaongeza la kwake: vidole vya mkono huu vina mwendo wao, vya mkono ule mwendo mwingine, ulimi nao uko mbioni, na midomo inachokoa zile sauti nyembamba za juu zinazojificha ndani ya kila noti. Sikio la msikilizaji linashindwa kuamini kwamba hayo yote ni ya mtu mmoja.

Nimeanza na pumzi kwa makusudi. Parker hutajwa sana siku hizi kwa kazi zake na vifaa vya elektroniki, na wengi wanaomsikia huko kwanza hudhani vifaa ndivyo vilivyompa ule ufundi. Mambo yako kinyume. Alipounda kundi lake la Electro-Acoustic Ensemble mwaka 1992, alikuwa na miaka 48, na mikono yake miwili tayari ilikuwa inafanya kazi ya watu wanne. Mashine hakuihitaji imsaidie kupiga.

Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1944. Baba yake alifanya kazi shirika la ndege, basi kijana akapata nafasi ya kwenda New York kusikiliza jazi pale inapopikwa. Chuo Kikuu cha Birmingham alikwenda kusoma elimu ya mimea, akaiacha mimea akafuata muziki, huku John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, amemkaa kichwani. Mwaka 1968 pekee yumo kwenye kazi mbili zisizofanana hata kidogo: Karyobin ya kundi la John Stevens, ambako watu wanapiga kwa kunong'ona, na Machine Gun ya Mjerumani Peter Brötzmann, ambayo sikushauri uisikize ukiwa umebeba mtoto aliyelala. Mwaka 1970 yeye, Derek Bailey na Tony Oxley wakaanzisha lebo yao wenyewe ya kutoa santuri, Incus. Muziki wa kupigwa papo kwa papo bila karatasi haukuwa na wanunuzi wengi, wakaamua kujiuzia.

Umeme nao haukumjia uzeeni. Tangu enzi hizo alikuwa akipiga na Hugh Davies, aliyewahi kuwa msaidizi wa mtunzi Stockhausen. Davies alikuwa akijitengenezea ala kwa vitu vya kuokota. Moja aliifungia ndani ya jalada la juzuu la ensaiklopidia, lile la maneno ya kuanzia SHO hadi ZYG, akaiita Shozyg. Nampenda mtu huyu kwa jina hilo tu. Kisha kulikuwa na Paul Lytton, mpiga ngoma aliyezungukwa na nyaya na vyuma vinavyokwaruza. Parker alizoea mapema kusimama kando ya mtu ambaye ala yake haina jina, na kuzungumza naye.

Sasa tufike kwenye kundi lenyewe. Santuri yao ya kwanza, Toward the Margins, ilitolewa na ECM, lebo ya Ujerumani, mwaka 1997, na watu walikuwa sita tu. Parker, Barry Guy kwenye besi, Lytton, Philipp Wachsmann kwenye violini, halafu Waitaliano wawili, Walter Prati na Marco Vecchi, ambao kazi yao ni kunasa sauti za wenzao hapo hapo, kuzinyoosha, kuzikata, kuzigeuza na kuzirudisha chumbani. Wenzao wakinyamaza, malighafi hakuna.

Huyo Wachsmann ana habari inayotuhusu. Alizaliwa Kampala mwaka 1944. Baba yake, Klaus Wachsmann, ndiye yule mtafiti mzaliwa wa Ujerumani aliyesimamia Makumbusho ya Uganda na kurekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi ile. Baba alizunguka na mashine ya kunasa sauti ili zisipotee, mwana akakaa kwenye kundi ambalo sauti hunaswa ili ziharibiwe kwa adabu.

Wapo wapiga saksafoni wanaokanyaga pedali ya umeme sauti ikawa kubwa na nene, basi wameridhika. Kwangu hiyo ni poda usoni. Parker alichotafuta kwenye umeme, nionavyo mimi, ni kumbukumbu. Akipiga peke yake, pumzi isiyokatika inafanya noti iliyopita isife sikioni. Akipiga na akina Prati, noti iliyopita inainuka, inavaa nguo nyingine na kurudi kumbishia. Anabishana na maneno aliyoyasema dakika iliyopita. Na santuri yao ya mwaka 2003 waliiita Memory/Vision, kwa hiyo sidhani kama naota.

Baadaye kundi likanenepa. Kwenye The Moment's Energy ya mwaka 2009 wako watu 14, mmoja wao Mjapani Ko Ishikawa na ala ya kale ya kupuliza iitwayo shō. Wapo wanaoiona hiyo ndiyo kilele. Mimi napotea humo. Kuna sehemu nzuri mno, lakini mara nyingine wanaogeuza sauti wamekuwa wengi hata sijui nani alisema nini kwanza, na mabishano bila mwenye neno lake ni ghasia. Nafuu naipata kwenye Trance Map ya mwaka 2011, Parker na Matthew Wright peke yao: mmoja anapuliza, mmoja na kompyuta.

Mjomba meno ya mbele hana tena, na zumari yake imetundikwa ukutani karibu na saa. Nilipomwekea ile ya watu 14 alitulia muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu anayerudisha maneno ya watu ni nani?"

Nikamwambia ni watu wenye kompyuta.

"Waambie wangoje," akasema. "Mwenzao hajamaliza."