Macho kwa Shilingi 7,000

Mwishoni mwa Julai 2023 watu walijaa KICC, jumba la mikutano jijini Nairobi, foleni haina mwisho, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kukodolea macho kifaa cha duara kinachong'aa. Kifaa kilipiga picha ya mboni, na aliyepigwa akapata sarafu za kidijitali za Worldcoin zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha zoezi hilo, Wakenya zaidi ya 350,000 wakiwa tayari wamesajiliwa. Kesi iliyowasilishwa na Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, iliamuliwa Mei 5, 2025: Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliagiza data hiyo ya kibayometriki, yaani ya kumtambua mtu kwa mwili wake, ifutwe katika muda wa siku 7, Kamishna wa Data, afisa wa serikali anayelinda habari binafsi za watu, akisimamia.

Uamuzi huo naukubali. Nisichokubali ni jinsi tulivyowasema watu wa ile foleni, eti wameuza macho yao kwa tamaa.

Jirani yangu, kijana wa mtaa wa Pipeline anayebeba mizigo, alikuwa mmoja wao. Nilipomkemea alinijibu, "Dada, kwani nimepofuka? Si macho bado ninayo?" Siku ile ile aliziuza sarafu zake, akalipa deni la kodi ya nyumba, akajaza mtungi wa gesi uliokuwa mtupu kwa wiki mbili. Kumbuka mwezi wenyewe: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 hadi 16, nauli juu, unga juu. Kijana huyu alipiga hesabu, na kwa upande wa mfuko wake hesabu ilikuwa sawa.

Tena ana hoja. Ingia jengo lolote katikati ya jiji hili. Langoni pana kitabu kikubwa kilichochakaa, biro imefungwa kwa uzi, na mlinzi anakungoja uandike jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saa uliyoingia. Ukiandika, unasoma za waliokutangulia. Anayekufuata atasoma zako. Wasichana wangapi wametumiwa ujumbe jioni na mwanamume wasiyemjua aliyenakili namba kutoka kitabu hicho? Tunatoa habari zetu kila siku, bure, kwa watu wasiotueleza watazifanyia nini. Mtu aliyelipwa ndiye tunamwona mjinga.

Kampuni iliyo nyuma ya Worldcoin nayo ilikuwa na sababu yake ya kutaka mboni. Kompyuta sasa zinaandika na kuzungumza kama binadamu, kwa hiyo itahitajika njia ya kuthibitisha kwamba aliye upande wa pili wa mtandao ni mtu kweli. Tatizo hilo lipo, na linaongezeka. Sam Altman, mmoja wa waanzilishi wa Worldcoin, ndiye pia anayeongoza OpenAI, kampuni iliyotuletea ChatGPT. Walisema picha ya mboni hugeuzwa kuwa msimbo na picha yenyewe hufutwa, isipokuwa mwenyewe akubali ihifadhiwe.

Lakini namba ya siri ya M-Pesa ikijulikana, unaibadilisha. Laini ikipotea, unasajili nyingine. Mboni ni zile zile hadi unaingia kaburini, na msimbo uliotokana nazo ukifika mikono mibaya huna pa kuomba nyingine. Hapo ndipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini iliyotolewa kwa hiari na mtu anayejua anachokubali. Mahakama iliona kwamba idhini iliyovutwa kwa zawadi ya sarafu haikufika hapo, na kwamba tathmini ya athari kwa faragha za watu, inayotakiwa kisheria, haikufanywa ipasavyo.

Nilimuuliza jirani kama alisoma masharti. "Nilibonyeza 'kubali'. Watu walikuwa wananisukuma nyuma." Je, kampuni ilitaka mboni za nini? Hakujua. Kwangu mimi kosa liko hapo. Kumlipa mtu kwa kitu chake si dhambi. Lakini huyu hakuambiwa anauza nini, kwa lugha anayoielewa, akiwa na nafasi ya kwenda nyumbani kufikiria. Na kazi ya kuhakikisha anaambiwa haikuwa yake. Sheria ilikuwepo tangu 2019, Kamishna alikuwepo tangu Novemba 2020, na bado watu 350,000 walipita. Mwenye deni la nyumba hawezi kuwa mlinzi wa mwisho wa data ya taifa.

Nilipompasha habari za hukumu, hakushangilia. Aliuliza, "Na nani ataenda kuangalia kama zimefutwa kweli?"

Nikamwambia ni Kamishna wa Data.

"Ofisi yake iko wapi?"

Nilimwelekeza mtaa wa Upper Hill, nikamwambia kwamba mwananchi yeyote anaweza kupeleka malalamiko huko, hata kwa simu yake kupitia intaneti. Akaitoa simu, akanipa nimwandikie.